Nani Aliwaambia Nyuki

Nether Coldrey,
Jumatatu, 1 Oktoba 1934

Mdogo wangu Clem,

Baba amefariki. Alikutwa jana mchana kwenye banda la matofaa, amelala kifudifudi juu ya yale mekundu aliyokuwa anayachagua kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Aliingia humo Jumamosi jioni. Mimi nilijua ameamka mapema akatangulia kanisani, maana siku za sikukuu huwa anatangulia. Ila ibada kubwa ikaanza, kiti chake cha mzee wa kanisa kikawa kitupu, kasisi akamtuma Konstebo Bunting aje kutazama.

Ibada iliendelea. Mkate ule mkubwa wa umbo la mganda wa ngano safari hii uliungua upande mmoja.

Bunting anasema ni sumu ya kuulia nyigu. Ilikuwa kwenye chupa ya pombe ya matofaa.

Nyuki wameambiwa. Nimegonga mizinga yote kwa ufunguo wa mlango wa mbele na kuifunga vitambaa vyeusi. Hawatahama.

Usihangaike kuja, na mguu wenyewe huo. Mazishi ni Alhamisi. Unakula vizuri huko hospitali?

Dada yako,
Hester


Wodi ya Wanaume, London,
3 Oktoba

Dada Hester!

Nimesoma barua yako, nikairudia, nikampa Nesi Pratt naye aisome, maana nilidhani labda macho yangu yamepata homa. Sumu! Baba! Kwetu Coldrey, mahali ambapo habari kubwa ya mwaka ni mbuzi wa Bibi Tull kula kofia ya kasisi!

Sikiliza, usinielewe vibaya. Nimejaribu kulia, kilio hakiji. Mguu umefungwa plasta, umening'inizwa kwa kamba kama nyama buchani, nami natazama dari nasema "Baba kafa, Baba kafa," halafu najikuta nawaza: chupa ilifikaje bandani? Nani aliipeleka? Nimesoma hadithi za upelelezi mpaka mkokoteni wa vitabu wa hapa wodini umeniishia, nimeanza kuzirudia. Na kila mara, dada, kila mara, jibu liko kwenye kitu kidogo ambacho kila mtu amekiona na hakuna aliyekitazama.

Kwa hiyo niandikie kila kitu. Hata upuuzi. Nani kapita, nani kasema nini, nani kaleta nini. Nesi Pratt ananicheka. "Mpelelezi mkubwa wewe, baiskeli tu imekushinda!" Namwambia Nesi, kichwa changu hakijavunjika. Ananijibu, "Hicho hatujakipiga picha bado."

Nimefurahi kwamba umewaambia nyuki. Mimi ningesahau. Unakumbuka Mama alipokufa? Baba alinipeleka mzinga kwa mzinga, anagonga kwa ufunguo, anawaambia, "Bibi yenu amekufa, kaeni." Akaniambia nyuki ni watu wa nyumbani, msiba wa nyumbani ukiwaficha wanaondoka au wanakufa, na asiye wa nyumba ile hana ruhusa ya kuwaambia. Akanishikisha kichwa pembeni ya mzinga nisikie wanavyoguna. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka alinishika kichwa taratibu.

Umefunga kitambaa gani? Kile cha Mama?

Mdogo wako anayening'inia,
Clem


Nether Coldrey,
8 Oktoba

Clem,

Ndiyo, kile cha Mama. Nilikikata vipande.

Tumemzika. Watu walijaa. Kasisi alisema Baba alikuwa nguzo. Baada ya hapo wakaja nyumbani, na kila mtu kaleta pai. Pai ziko mezani, ziko dirishani, ziko kwenye ngazi. Nakula kipande, nasahau ni ya nini, naweka chini. Asubuhi naviona vipande nilivyoviuma vimezagaa nyumba nzima.

Umetaka kila kitu. Jethro Pask amekamatwa. Baba alimfukuza kazi Ijumaa, na jioni ile Pask alikwenda baa ya Farasi Mweupe akapiga kelele kwamba Haddow anastahili kuzikwa. Watu wote walisikia. Kazi ya kuua nyigu kwenye miti ilikuwa yake, na kopo la sumu alikuwa analishika yeye. Jumamosi usiku alilala kwenye majani ya ng'ombe ya Tull. Hakuna aliyemwona. Bunting amempeleka mjini. Kesi ni mahakama kuu ikikaa, Novemba.

Si mtu wa huku. Wanasema hivyo wote. "Si mtu wa huku, unajua."

Nimetoa fremu za mwisho za asali. Mikono inafanya yenyewe.

Hester


London,
10 Oktoba

Dada!

Si Pask! Nimeruka kitandani, kamba imenivuta, nimepiga yowe mpaka daktari kaja mbio! Si Pask, haiwezekani, sikiliza!

Kwenda banda la matofaa unapita wapi? Katikati ya mizinga. Hakuna njia nyingine, nyuma ni ukuta. Sasa niambie, umewahi kumwona Jethro Pask akipita katikati ya mizinga? Mwanamume yule mkubwa, mabega kama mlango wa zizi, nyuki mmoja akipita anakimbia kama bibi arusi aliyeona panya! Kiangazi kile nilichokuja likizo aliingia kwenye bwawa na buti zake! Baba akimtaka bandani alikuwa anamrushia funguo barabarani, naye Pask anazunguka na ngazi aruke ukuta. Na ngazi ile ilivunjika Juni, uliniandikia mwenyewe.

Kwa hiyo chupa aliipeleka mtu mwingine. Mtu ambaye nyuki hawamsumbui. Nani? Kasisi anafuga nyuki, si ndiyo? Na aligombana na Baba kuhusu kengele ya kanisa! Usicheke. Vitabuni huwa ni mtu kama huyo.

Mwambie Bunting habari ya nyuki na Pask. Mwambie leo! Wanaweza kumnyonga mtu, Hester. Hii si hadithi, watamtia kamba kweli.

Na kwa nini Baba alimfukuza? Hukusema.

Clem


London,
16 Oktoba

Dada,

Mbona kimya? Unaumwa? Nimemwandikia Bi. Crouch wa posta, maana yeye anajua barua ya kila mtu kabla mwenyewe hajaifungua. Nimemwomba anisimulie Jumapili ile ilivyokuwa.

Nesi Pratt anasema umechoka tu, nikuache upumue. Anasema, "Wewe una mguu mmoja mbovu na mdomo mmoja mzima, ungekuwa kinyume chake tungepona sote."

Andika, hata mstari.

Clem


Posta, Nether Coldrey,
18 Oktoba

Kijana wangu Clement,

Barua yako imenitoa machozi, ingawa mwandiko wako ni wa kuku, mwalimu wako alikuwa anapata shida. Pole sana, mwanangu. Pole kwa mguu, pole kwa baba.

Umeniuliza Jumapili ile. Asubuhi ilikuwa nzuri, ukungu kidogo. Mimi na Bibi Tull tulikwenda ibada ya alfajiri kama kawaida yetu, tukapita kichochoro cha kwenu. Na hapa nataka nikwambie, maana mtu aliye mbali apaswa kujua dada yake ni mtu wa namna gani. Mizinga yote ilikuwa imeshafungwa vitambaa vyeusi, vizuri kabisa, kila fundo sawasawa, kama mama yenu alivyokuwa akifunga. Nikamwambia Bibi Tull, "Haya, Mzee Obadiah Haddow ametangulia." Akasema, "Mungu amrehemu." Tukamwombea kanisani, sala fupi. Binti mwingine angechanganyikiwa siku kama ile, nyuki wangesahauliwa. Hester hakusahau. Malezi hayo.

Halafu mchana Bunting masikini ndiyo akamkuta bandani, na mambo yote yale ya polisi.

Kuhusu huyo Pask, alisema maneno machafu sana pale baa juu ya nyumba yenu. Sitayarudia. Watu walimpa mgongo, ndivyo inavyopaswa. Hatukuzoea hapa kwetu mtu kuingia na kusema mambo ya ndani ya nyumba za watu.

Nimempelekea dada yako pai nyingine. Ya figo.

Wako,
Lavinia Crouch


London,
20 Oktoba

Hester,

Bi. Crouch amenijibu.

Anasema aliona vitambaa akienda ibada ya alfajiri. Baba hakupatikana mpaka mchana. Alfajiri ile kila mtu alijua Baba yuko hai, wewe mwenyewe ulisema ulijua ametangulia kanisani. Lakini nyuki walikuwa wameshaambiwa.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Labda kakosea siku. Labda ni kizee tu. Lakini yeye na Bibi Tull walisali, Hester. Walimwombea marehemu kabla marehemu hajapatikana, na hata sasa anaandika hivyo kwa wino, haoni kitu.

Na asiye wa nyumba ile haruhusiwi kuwaambia. Nyumba yetu imebaki na watu wawili. Mmoja amefungwa kwenye kamba huku London.

Sitaki tena hadithi hii. Niambie nimekosea.

C.


Nether Coldrey,
23 Oktoba

Mdogo wangu Clem,

Hujakosea. Ulikuwa mwerevu tangu mdogo.

Najaribu kukuandikia jinsi ninavyohisi, na sihisi. Ni kama mkono uliolalia. Najua ni wangu, nauona, naugusa. Basi.

Mkono wa Baba unaujua. Wewe ulipoondoka, fungu lako likaja kwangu. Sikukuandikia, ungefanya nini? Ulikuwa na miaka kumi na sita na baiskeli. Kijiji kilijua. Jumapili nikifika kanisani na shavu limevimba, Bi. Crouch alikuwa anasema, "Hester, leo kuna upepo, eeh?" na kunivutia kofia upande. Kasisi alinipa mkono wa kushoto nilipokuwa siwezi kuinua wa kulia. Walikuwa wema. Wote walikuwa wema.

Ijumaa ile nilidondosha ndoo ya asali. Baba alianza palepale uani. Pask alikuwa barabarani anatengeneza lango. Akapita katikati ya mizinga, Clem. Nyuki wakamuuma usoni, yeye huyohuyo wa bwawani. Akamshika Baba mkono akamwambia, "Basi, mzee." Maneno mawili. Miaka yote hiyo hakuna mwingine aliyewahi kuyasema. Ndiyo sababu alifukuzwa. Na maneno machafu ambayo Bi. Crouch hawezi kuyarudia ni haya: pale baa alisema, "Haddow anampiga binti yake, na ninyi nyote mnakaa mnatazama glasi zenu." Wakaendelea kutazama glasi zao.

Jumamosi Baba aliniambia nimpelekee pombe bandani. Nikampelekea. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza kwamba soksi bado ziko kwenye kamba.

Kulipokucha nikachukua ufunguo. Sikufikiria watu watapita. Niliwaza tu kwamba nyuki hawana kosa, wasipoambiwa watakufa, na mimi ndiye mtu wa nyumba niliyebaki. Niliwaambia wao kwanza. Wao sijawahi kuwadanganya. Wakaguna, wakakaa.

Nilipoona akina mama wanapita kwenda ibada nilijua imekwisha. Nikakaa jikoni nikisubiri. Hakuna aliyekuja. Nusu ya kijiji ilipita pale, Clem. Kila mtu wa huku anajua maana ya kitambaa kile. Bunting peke yake ndiye hakupita asubuhi ile, naye ni mtu wa mjini, mchana alipokuja alidhani ni mapambo ya sikukuu. Na hakuna aliyemwambia. Kama hawakuliona shavu langu, watauonaje mzinga? Bi. Crouch hata haoni kwamba kuna cha kuficha. Ananyamaza kama anavyopumua.

Nilidhani hawatampata mtu, itaisha hivyo. Walipomchukua Pask nilisema kesho nitakwenda. Kila siku nilisema kesho, na kila siku mtu alileta pai. Wananilipa kwa kimya chao. Ila malipo yanatoka shingoni mwa Pask, na yeye ndiye peke yake asiyekuwa na deni kwangu.

Kesho nakwenda kwa Bunting. Nyuki nimewapa maji ya sukari ya kuwatosha baridi yote, na panya nimewazibia mlango.

Nina ombi moja. Mguu ukipona, nenda nyumbani ukawaambie nimeondoka. Mimi siwezi kujisemea mwenyewe. Sijui utatumia maneno gani, maana desturi ina maneno ya kifo na ya harusi tu. Utayapata. Ufunguo uko chini ya chungu cha mnanaa.

Dada yako,
Hester


London,
24 Oktoba

Hester, subiri!

Usiende popote! Wiki ijayo wanatoa plasta, nitakuja, tutakaa tufikiri. Nitaandika kwa wakili wa Pask habari ya mizinga na ukuta na ngazi, inatosha kumtoa, wewe usitajwe! Choma barua zangu. Mimi nimeshachoma za kwako na ile ya Bi. Crouch, Nesi Pratt kanishikia beseni. Hakunitania hata neno.

Kama watu wote wale wanaweza kunyamaza, mimi siwezi? Mimi ndugu yako?

Halafu namkumbuka Pask na uso wake uliovimba.

Subiri tu nije. Tafadhali. Subiri.

Clem


Nether Coldrey,
5 Novemba 1934

Kwa Hester Haddow, Gereza la Wanawake

Dada,

Barua yangu ya mwisho nimeikuta hapa nyumbani, chini ya mlango, haijafunguliwa. Ulikuwa umeshakwenda. Nimeitia jikoni kwenye moto. Ilikuwa inasema subiri.

Nimekuja kwa treni, na magongo mawili. Nyumba ni baridi. Nimezitupa pai zote isipokuwa ile ya figo, mbwa wa Tull ameshaiona. Nje watoto wanakusanya kuni za moto wa sherehe ya leo jioni, wamechukua na ile ngazi iliyovunjika. Nimewaacha.

Kichochoro kimya. Napita, watu wananisalimu vizuri. "Habari za mguu, Clem?" "Umenenepa, Clem!" Hakuna anayetaja jina lako. Kasisi alisimama, akatazama mawingu, akasema baridi itawahi mwaka huu. Nikamwambia, "Dada yangu yuko jela, Padri." Akasema ndiyo, ndiyo, na usiku labda umande utaganda.

Pask ametoka. Alikuja jana kuchukua buti zake. Alisimama barabarani, hataki kusogea, anatazama mizinga kama mtu anayetazama mbwa mkali. Nikamrushia buti juu ya ua, moja ikampata kifuani. Akacheka kidogo. Uso bado una alama. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa, Hester, nilikuwa nimekipanga kwenye treni kutwa nzima. Kikapotea. Yeye ndiye aliyeuliza, "Dada yako anakula?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie ale." Basi, akaondoka na njia ya kwao. Kwa hiyo kula.

Leo asubuhi nimechukua ufunguo. Ulikuwa palepale, chini ya mnanaa.

Nilifika mzinga wa kwanza, nikamkuta Bi. Crouch amesimama langoni, amevaa kofia ya Jumapili. Ananyoosha mkono, kuna kitu kimekunjwa kwenye karatasi. Kitambaa cheusi. Kipya. "Nimeshakupindia pembeni, mwanangu," anasema, "usije ukahangaika ukikihitaji." Anaongea taratibu, kwa upole, kama anayenipa skafu. Kesi yako hata haijasikilizwa. Nikamwambia, "Bi. Crouch, hajafa." Akanipigapiga begani. "Najua, mpenzi. Ni cha baadaye."

Nikakipokea. Mkono ulipokea wenyewe. Ndiyo nikaelewa ile habari yako ya mkono.

Halafu nikagonga. Sikupata maneno mazuri, dada, mimi mwenye maneno mengi. Nilisema, "Hester hayupo nyumbani." Nikagonga tena nikasema, "Amekwenda kusema ukweli. Hajafa. Kaeni." Mzinga kwa mzinga, hayohayo, kwa sauti, ili Bi. Crouch naye asikie, na Bibi Tull nyuma ya pazia lake, na yeyote mwingine. Nadhani walisikia. Madirisha mawili matatu yalifungwa.

Mizinga sijaifunga kitu. Vile vipande vya Mama nilivifungua, nikavifua, viko kwenye kamba na soksi ulizoziacha. Kile kipya cha Bi. Crouch nimekizungushia kichwa cha gongo, mahali panaponiumiza kwapa. Kinasaidia kidogo.

Mwishoni nikaweka sikio kwenye mzinga wa mwisho, ule wa karibu na ukuta. Mwanzo hakuna kitu. Nikabaki hapohapo, shavu linaganda kwa baridi, Bi. Crouch bado anatazama.

Halafu wakaguna.

Wapo, Hester. Mimi pia nipo.

Clem